Zamu ya Kulala kwa Ambilikile

Nilitegemea kukuta jumba. Mtu anayefukiza moshi kuliko hoteli tatu za Mbeya mjini, nilijisemea njia nzima, lazima awe na bwawa la maji moto, taa za bustanini na mbwa wanaooga kuliko mimi. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumtolea uvivu. Kumbe kifaa changu kilikuwa kinanipeleka kwenye nyumba ya vyumba viwili, tofali za kuchoma, bati lenye kutu, na mgomba umeegemea dirisha. Kikalia mara mbili kuthibitisha. Nikakizima, nikakiwasha tena, kikalia vilevile.

"Nyumba ya Ambilikile Mwasomola," kioo kiliandika. "Mkazi: mmoja. Daraja: Nyeusi. Nafasi kiwilaya: ya kwanza."

Uwanjani kulikuwa na msiba. Mafiga yamepangwa kwa safu, kuni zinawaka, na juu yake sufuria ambazo mtoto angeweza kuogelea. Kina mama wamejifunga kanga viunoni, wanamenya ndizi na kugeuza nyama kwa miiko mirefu kama makasia. Moshi ulikuwa umetanda hadi machozi yakanitoka, nami sijafiwa na mtu.

Walipoiona sare yangu, miiko ikasimama.

"Karibu, dada," alisema mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti la suti juu ya sweta. "Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji, Gwamaka. Umekuja kutupa pole?"

"Poleni sana. Naitwa Mwajabu, mkaguzi kutoka Mamlaka ya Hewa. Namtafuta mwenye nyumba hii, Mzee Ambilikile."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Nyuma yake mwanamke mnene mwenye mwiko, ambaye baadaye niliambiwa ni Bi Atuganile, mkuu wa wapishi wa kitongoji kizima, alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

"Ametoka," alisema Bi Atuganile.

"Kwenda wapi?"

"Mbali."

Nikasukuma mlango mwenyewe. Ndani palikuwa na kitanda kimoja, kimetandikwa vizuri, mto mmoja, blanketi moja. Hakuna kikombe, hakuna kandambili, hakuna shati msumarini. Chini ya kenchi, Pua, kile kifaa chetu cha kunusa moshi na pumzi, ilikuwa imebandikwa mahali pake, ya ukubwa wa kiganja, na jicho lake la kijani liko wazi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kutafuta choo, maana mwenye nyumba huweza kujificha chooni. Nimewahi kumkuta diwani huko.

Sikukuta choo kwanza. Nilikuta kaburi. Lilikuwa limesakafiwa kwa saruji, limeota ukungu, na jina lake lilichorwa kwa msumari saruji ilipokuwa mbichi: Ambilikile Mwasomola. Mwaka wa kufa ulikuwa miaka mitatu nyuma.

Mimi ni mtu wa Korogwe, si mwoga wa makaburi. Lakini niliketi chini. Mfukiza moshi mkubwa kuliko wote wilayani, ambaye ofisi yetu ilikuwa imemwandikia faini juu ya faini, alikuwa amelala futi sita chini ya miguu yangu, na bado Pua ilisema kuna mtu anapumua ndani ya nyumba yake kila usiku.

* * *

"Usitufunge kabla hujatusikiliza," alisema Mwenyekiti Gwamaka. Alikuwa amenifuata na stuli mbili, akanipa moja tukaketi kando ya kaburi kama watu wanaosubiri chai.

Nikamwambia aseme.

Kitu kimoja ni lazima kieleweke. Siku hizi kila kitu kina moshi ndani ya bei yake. Sukari ina moshi wa kiwanda, nauli ina moshi wa gari, saruji ndiyo usiseme. Unalipa, unanung'unika, na mwisho wa mwezi Serikali inakusanya ile bei ya moshi na kuirudisha kwa wananchi kama Fidia, sawa kwa kila anayelala chini ya paa lenye Pua. Mwanzoni walihesabu majina tu. Wananchi wakaandikisha mababu waliokufa, na bwana mmoja akaandikisha kuku wake wote kwa majina ya mitume. Ndipo Pua ikafundishwa kuhesabu pumzi, maana kila mtu ana alama yake ya pumzi, na kuku ana yake.

Mchana Pua inanusa moshi wa nyumba, usiku inahesabu waliolala. Moshi ukiwa mdogo, nyumba ni Nyeupe na Fidia inaingia yote. Ukizidi kidogo, ni Kijivu, inaingia nusu. Ukipita mpaka, ni Nyeusi: hupati kitu mwaka mzima, na ukigusa kidole kwenye mashine ya dukani, bei inapanda hapohapo mbele ya watu. Hata dirisha la dawa la zahanati linasoma kidole. Sheria ilitungwa kwa ajili ya wenye mabwawa ya maji moto, na ni sheria nzuri. Niliipenda nilipoisoma, na naipenda hadi leo, jambo ambalo ndilo linaloniumiza.

"Nyumba ya kwanza kufiwa baada ya Pua kufungwa ilikuwa ya mjane mmoja pale juu," alisema Mwenyekiti. "Tulipika kwake kama ilivyo ada. Wewe unajua msiba wa kwetu. Watu hawaulizi wamealikwa na nani. Kitongoji kizima kinazima moto nyumbani, kinakuja kupika na kula kwa mfiwa, chungu kimoja. Mwezi uliofuata mama wa watu akawa Nyeusi. Sisi wengine wote, ambao hatukuwasha hata kiberiti makwetu, tukatumiwa pongezi za hewa safi."

"Mngepika kila mtu kwake, mkaleta."

Alinitazama kama nimetukana. "Moto wa msiba ni mmoja, dada. Haugawanywi. Ukitoa kijinga cha moto pale ukakiingiza kwako, umebeba kifo kwa mkono wako."

Basi Mzee Ambilikile akafa, hana mke, hana mtoto, na Pua yake ikabaki macho. Wakamzika, na jioni ile mtu mmoja akasema kwa utani kwamba marehemu hanunui sukari. Utani ukalala, ukaamka ukiwa mpango. Kifo chake hawakukitaja kwa yeyote. Kila msiba, kila harusi, kila ubatizo, machozi na vigelegele vinabaki kwa mwenyewe, lakini moto unawashwa kwa Ambilikile. Na kwa kuwa nyumba isiyo na pumzi hufungwa baada ya wiki, waliwekeana zamu: kila usiku mtu mmoja anakwenda kulala kwa marehemu.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilicheka. Nilicheka juu ya stuli, kando ya kaburi, na sare yangu ya Serikali. Ofisi nzima yenye wahandisi na kompyuta za kujaza ghala ilikuwa imeshindwa na watu waliokubaliana tu kwenda kulala.

"Na leo mnamzika nani?" niliuliza nilipotulia.

"Mama Tumpe. Moyo. Jeneza lipo kwake, pale ng'ambo ya njia. Mtu mwema kuliko sisi sote." Alifuta jicho kwa mkono wa koti. "Mimi sisemi hivyo kwa sababu amekufa."

* * *

Alipoondoka nilifungua kumbukumbu za pumzi. Nilitaka kujua tu ni watu wangapi walishiriki, nijue ukubwa wa kesi. Nilitegemea alama thelathini, arobaini, zikipishana usiku hadi usiku.

Mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo. Mwaka wa pili alama zikapungua. Tangu masika yaliyopita ilikuwa moja tu, usiku baada ya usiku, pumzi ile ile, nyepesi, yenye kukatika kidogo alfajiri. Na chini yake mashine ilikuwa imeandika kwa ule utulivu wake unaonichukiza: "Mlalaji amepita siku tisini mfululizo. Ametambuliwa kuwa mkazi. Madeni na daraja la nyumba vimehamia kwake. Tupokigwe Mwaipaja. Daraja: Nyeusi. Fidia: imesitishwa."

Hawakujua. Kipengele cha siku tisini kiliwekwa kwa ajili ya wapangaji wakorofi wa mjini, na hakuna mtu aliyepanda milima hii kuja kukieleza. Moshi wa kitongoji kizima, harusi na misiba yote, ulikuwa umebebeshwa mtu mmoja anayepumua.

Nikasoma mstari wa mwisho. "Ujumbe wa kusitishwa ulitumwa kwa simu. Umesomwa. Mkazi aliulizwa kama ana pingamizi. Jibu: Hapana."

Hapana! Mtu anyang'anywe mkate mdomoni kwa moshi usio wake, aulizwe kama ana la kusema, aseme hana! Niliinuka kumtafuta huyo Tupokigwe nimuulize kama ana akili timamu, kisha nimwandikie pingamizi mwenyewe siku ile ile, nirudishe kila senti.

Pembeni ya nyumba fundi seremala alikuwa amechuchumaa na kopo la rangi nyeupe, anaandika jina kwenye msalaba. Alikuwa anaandika taratibu, ulimi nje, anaogopa kukosea. Nilipita, nikarudi. Alikuwa amefika TUPOKI.

Nilisimama pale mpaka akamaliza. Sikuwa na haja, lakini nilisimama. Kuna wakati jicho linaona na moyo unaomba herufi inayofuata iwe nyingine. Akaandika GWE, akapuliza rangi ikauke.

"Si mnamzika Mama Tumpe?" nilimuuliza.

"Ndiye. Tupokigwe ni jina lake la ubatizo," alisema fundi. "Nani angemwita hivyo?"

* * *

Tumpe, binti wa marehemu, alikuwa ameketi sakafuni karibu na jeneza, ng'ambo ya njia, mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano, kanga imemwanguka begani na hana habari nayo. Nilimpa pole, nikakaa. Sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe, kama wafiwa wanavyofanya, kwa mtu yeyote atakayekaa.

"Aliacha dawa za moyo," alisema. "Zahanati ipo hapo chini, dawa zipo. Alisema zinamvuruga tumbo. Nikamwambia mama, basi twende hospitali, akasema baada ya mavuno. Sukari akaacha, akasema meno. Kila kitu alikuwa na sababu yake. Unajua alipata raha wapi? Kwenye kile kitanda cha Ambilikile. Watu walimwonea huruma, hapa kwetu tumebanana, wakawa wanamwachia zamu zao akapumzike. Bi Atuganile alimwachia zote. Kila anayemwachia alimletea na ndizi. Mama alikuwa anasema hajawahi kupendwa vile."

Nilishindwa kumtazama. Nikatoka nje nikampigia mkuu wangu, Bwana Kessy, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Mkazi amefariki?" aliuliza.

"Amefariki, ndiyo."

"Basi deni limekufa naye. Faili linajifunga lenyewe. Andika vifo viwili, ondoka. Hakuna wa kushitakiwa, hakuna wa kulia zaidi ya wanaolia. Mwajabu, usiwaambie kitu. Utawapa nini? Wamempenda yule mama, waache wamzike wakiamini hivyo."

"Wataweka mlalaji mwingine."

"Pua ile nitaizima mwezi ujao, foleni ikifika."

"Watatafuta Pua nyingine, Bwana Kessy. Nyumba ya marehemu mwingine. Hawajui kipengele kinavyouma."

"Na ukiwaambia, watajua nini? Kwamba walimuua?"

Nasema kweli, nilikata simu nikiwa nimekubaliana naye. Kuna ukweli unaofaa na kuna ukweli wa kumtia mtu kisu bila faida, na mimi nani niwachome watu arobaini mbele ya jeneza? Nilichukua begi langu. Nilikuwa nimefika njiani.

Ndipo Mwenyekiti Gwamaka aliposimama katikati ya uwanja wa Ambilikile, akagonga kopo kwa kijiti.

"Ndugu zangu, tutakwenda kaburini muda si mrefu. Lakini Pua haijui msiba." Alinitupia jicho, akaona sijafungua mdomo wala sijaita polisi, akajipa moyo. "Mlalaji wetu ametangulia. Nani anapokea?"

Kisha sauti ya Tumpe ikatoka nyuma yangu. Alikuwa amevuka njia, miguu mitupu.

"Mimi," alisema. "Niachieni mimi zamu zote. Nitalala kitanda cha mama."

Wanawake wakaanza kulia upya, kwa upendo safi kabisa. Bi Atuganile akamkumbatia. "Mwanangu, hutakosa ndizi," alisema.

"Usilale pale!"

Nilikuwa nimepiga kelele. Watu wote waligeuka, nami begi likaniponyoka. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho. Niliwaambia kipengele cha siku tisini. Niliwaambia moshi wa sufuria hizi umekuwa ukiandikwa kwa nani, na dirisha la dawa lilikuwa likimwambia nini Mama Tumpe kidole chake kilipogusa mashine. Niliwaambia kwamba alijua, kwamba aliulizwa kama ana pingamizi na akajibu hapana, kwa sababu pingamizi lingemlazimu kueleza moshi ni wa nani.

Kilio kilikatika ghafla, na nikasikia nyama ikichemka. Mwenyekiti alikaa chini palepale alipokuwa, kopo mkononi, suti na yote.

"Nani alimkatia Fidia?" aliuliza Tumpe. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Ofisi yangu."

"Na moshi ulikuwa wetu."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akatazama sufuria, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza. "Hata huu wa leo," alisema. "Hata chakula cha kumzikia mnampikia juu ya mgongo wake. Mimi sili. Sili chakula cha moto huu, na atakayekula asije nyumbani kwangu."

Bi Atuganile alikuwa bado amemshika. Alimwachia. Uso wake ulikuwa umevimba, nikadhani ataanguka.

"Nilimpa zamu zangu," alisema, si kwa mtu. "Mimi ndiye nilianza. Nilisema apumzike, masikini. Nikampelekea na ndizi."

Akaenda kwenye figa kubwa kuliko yote, akainama, akachomoa kijinga kinachowaka. Watu wakaguna. Mzee mmoja akamwita kwa jina, akamwambia aache, moto wa msiba hautoki. Hakugeuka.

"Atakayesema nabeba kifo aseme," alisema. "Nimekwisha kukibeba. Nilikuwa nakipeleka kila siku na ndizi juu."

Akaondoka nacho, cheche zikidondoka njiani, hadi mlangoni kwake. Kifaa changu kikatetemeka mkononi: nyumba ya Atuganile, moshi. Mwanamke wa pili akachomoa chake. Wa tatu akabeba na sufuria, akisaidiwa na mumewe. Walikwenda huku na huku kwenye vijia vya migomba, kila mmoja na kipande chake cha moto, na uwanja wa Ambilikile ukabaki mafiga na majivu. Kifaa kilitetemeka bila kupumzika. Kwenye ramani, kitongoji ambacho siku zote kilikuwa cheupe na doa moja jeusi katikati kilianza kugeuka kijivu, nyumba kwa nyumba.

Bwana Kessy alinipigia. "Kuna nini huko? Kompyuta inasema wote wamewasha kwa mkupuo!"

"Wanapika."

"Watapoteza nusu ya Fidia, kitongoji kizima! Umewaambia?"

"Wanajua."

"Sasa moshi huu nauandika kwa nani?"

"Andika kila mtu wake," nilimwambia, nikazima simu. Nikaomba ngazi, nikapanda ndani ya nyumba ya Ambilikile, nikaibandua Pua kwa mikono yangu. Jicho la kijani lilinitazama kidogo kisha likafumba.

Tulimzika Tupokigwe saa kumi, kwenye mvua nyepesi. Wakati wa kula ulipofika, chakula kililetwa kutoka kila upande kwa masinia na mabakuli yasiyofanana, ndizi za huyu zina chumvi nyingi, za yule zimeungua. Hakuna aliyegusa. Wote walikuwa wanamtazama Tumpe.

Bi Atuganile alikuja na bakuli lake, amelifunika kwa kitambaa. Alipiga magoti mbele ya yule msichana, yeye mtu mzima wa makamo yale, akalinyoosha kwa mikono miwili. Hakusema pole. Nadhani aliona hana haki ya neno hilo.

Tumpe alilitazama bakuli kwa muda mrefu sana. Mvua ikaanza kuingia ndani yake.

"Umepikia wapi?" aliuliza.

"Kwangu."

"Pua yako imesikia?"

"Imesikia, mwanangu. Imeshaniandika."

Tumpe akanawa mkono, akamega ndizi, akala.